Saratani Inapobana Ugwe Mgongo

Mtu aliyewahi kuugua saratani ya titi, pafu au tezi dume akianza kuumwa mgongo, hasa usiku akiwa amelala chali, asipewe vidonge tu na kurudishwa nyumbani: huenda saratani imeenea hadi uti wa mgongo na kubana ugwe, yaani mkanda wa neva upitao ndani yake. Apigwe MRI (picha ya sumaku) ya uti wote wa mgongo, si pale panapouma pekee; uvimbe mwingine huweza kujificha pingili (mifupa ya uti) kadhaa mbali. Miguu ikilegea, deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kutuliza ugwe uliovimba, huanzishwa mara moja, aghalabu miligramu 16 kwa siku, pamoja na dawa ya kulinda tumbo. Ikishukiwa limfoma (saratani ya mfumo wa limfu), heri sampuli ya uvimbe itangulie hali ikiruhusu, maana steroidi huweza kuusinyaza uvimbe na maabara ikakosa jibu.

Utafiti wa daktari Patchell na wenzake, 2005, ulionyesha kuwa asilimia 84 ya waliopasuliwa kisha wakapata mionzi waliweza kutembea baada ya matibabu, dhidi ya asilimia 57 ya waliopata mionzi peke yake. Ila wagonjwa hao walichaguliwa: aliyepooza zaidi ya saa 48 hakuingizwa. Wanaonukuu takwimu hizo husahau sharti hilo.

Siku hizi si lazima uvimbe wote uondolewe. Mpasuaji hutenga nafasi ya milimita 2 au 3 kati yake na ugwe, hukaza pingili kwa skrubu na vyuma, halafu mionzi ya kulenga humalizia. Uvimbe uliotokana na figo huvuja damu vibaya, kwa hiyo mishipa yake huzibwa kabla ya upasuaji. Na mionzi ikitangulia kisu, kidonda huchelewa kufunga na huambukizwa kwa urahisi.