Asilimia 90 na 100 si majirani

Ukivaa sare ya jeshi la Marekani hapa Killeen, Texas, hukosi shemeji wa kukuambia, "Wewe ni veterani mlemavu, kodi ya kumiliki nyumba haikuhusu." Mume wangu, Baba Mwende, aliambiwa hivyo kanisani, akatulia kabisa, mpaka bili ilipoingia mwezi wa 10.

Ulemavu uliotokana na jeshi ukianzia asilimia 10, Texas inakupunguzia kitu, ila inapunguza thamani ya nyumba, si bili yenyewe. Kuanzia 70 unakatiwa dola 12,000 kwenye thamani. Kodi za shule, jiji na kaunti zikijumlishwa kufikia kama asilimia 2, umeokoa dola 240 kwa mwaka mzima. Hela ya mboga hiyo. Lakini ukifika 100, nyumba unayoishi haitozwi hata senti. Wa 90 analipa maelfu, wa 100 halipi kitu, na pengine wote wawili wanachechemea mguu uleule.

Na kufika 100 si kujumlisha tu. Barua ya Baba Mwende kutoka VA, idara ya Marekani inayohudumia askari wa zamani, ilisema 70 kwa msongo wa vita, 40 mgongo, 10 masikio. Mimi napata 120. VA wanapata 80! Wanaanza na 70, inabaki 30 ya mtu mzima. Ile 40 inakatwa kwenye hiyo 30, wanafika 82. Masikio yanaongeza mbili, ni 84, halafu wanashusha hadi 80.

Kilichotuokoa ni kwamba VA wakikubali majeraha yamekuzuia kushika kazi ya maana, wanakulipa kama wa 100 hata kama hesabu inasema 80, na Texas inalitambua hilo. Alikuwa ameshaacha kazi ya bohari kwa sababu ya mgongo. Jibu lilipotoka, nilijaza fomu 50-114 ya kuomba msamaha wa kodi, nikaambatisha barua ya VA, nikapeleka ofisi ya kaunti inayokadiria thamani za nyumba. Ni bure. Ukiona kampuni imekutumia barua yenye muhuri wa kutisha ikitaka hela ikujazie fomu, tupa.

Wapo wanaonung'unika kwamba jiji linakosa mapato. Ni kweli, mji wa kambi kama huu una maveterani wengi, na pengo hilo linawauma wengine. Lakini mimi ndiye ninayemsikia akizungukazunguka jikoni saa tisa usiku akikagua milango, kwa hiyo msinihubirie.

Wake wa maveterani wenzangu, jambo la mwisho. Mume aliyekuwa na msamaha huu akifariki, mjane anaendelea nao kwenye nyumba ileile, mradi asiolewe tena. Nilipomsomea Baba Mwende kipengele hicho alicheka mpaka mgongo ukamkamata. Eti hata serikali ya Texas inamsaidia kunichunga.