Baba yuko Bondeni, shuleni anaitwa shangazi

Hapa Uyole, Mbeya, ukiwa na ndugu Bondeni, yaani Afrika Kusini, kamati ya harusi inakupangia mchango mkubwa kuliko wenzako. Wanajua hela ipo. Na kweli mdogo wangu, mwenye saluni ya kunyoa Johannesburg, anatuma. Ada imetoka kwake, bati za nyumba ya mama pia. Ila kikao cha wazazi shuleni kwa watoto wake naenda mimi, na mtoto akishikwa na homa usiku, wa kutafuta bajaji ni mimi.

Wifi yangu, mama yao, anauza viatu Tunduma, anarudi Jumamosi kama mzigo umeisha. Simlaumu. Kuna mwezi randi inashuka, kuna mwezi wanasakwa wasio na vibali na saluni haifunguliwi. Hapo viatu ndivyo vinavyotulisha.

Septemba 2019 maduka ya wageni yalivunjwa na kuporwa kule Johannesburg. Simu ya mdogo wangu ikawa haipatikani. Mtoto wake mkubwa, wakati huo darasa la pili, hakulia. Alianza kulala na simu yangu chini ya mto, kila saa ananiuliza kama ina chaji. Baba yake alipopatikana, akiwa mzima, mtoto hakuacha. Mwalimu akanisifia: siku hizi ametulia kweli! Nilinyamaza tu. Yule hakuwa ametulia, alikuwa na hofu.

Babu yetu wa Kyela naye alichimba dhahabu huko huko, enzi za Wenela, shirika lililoandikisha watu kwenda migodini Afrika Kusini. Lakini alikwenda kwa mkataba, bibi akijua utaisha lini. Baada ya uhuru serikali ikasimamisha uandikishaji ule. Siku hizi kijana anavuka Tunduma na begi lake, Nakonde, Lusaka, mpaka Beitbridge, mlangoni mwa Afrika Kusini, na siku ya kurudi haijui hata mwenyewe. Mtoto akiuliza, unamjibu nini?

Nilimwambia mdogo wangu apunguze zawadi, apige Jumatano na Jumapili saa moja jioni, bila kukosa. Sasa mkubwa anamtumia picha za daftari la hesabu, wanabishana mpaka bando linakata. Yule mdogo, aliyezaliwa baba ameshaondoka, bado anakimbilia jikoni simu ikiita. Simlazimishi.

Kikao cha shule ni Ijumaa hii. Nimemwambia baba mtu afunge saluni akae hewani; simu nitaiweka mezani mbele ya mwalimu, amuulize yeye.