Node 16 iliyokuja kwa flashi

Node.js ni programu inayoendesha msimbo wa JavaScript nje ya kivinjari. Mwishoni mwa Oktoba 2022 toleo lake la 18 lilipoingia kwenye LTS, yaani matoleo yanayotunzwa kwa muda mrefu, sikungoja. Niliondoa ile 16 niliyokuwa nayo, nikaweka 18 mahali pake, nikaendelea na kazi mpya iliyokuwa mkononi. Kazi ya zamani sikuigusa wiki mbili nzima.

Ya zamani ilikuwa programu ya ushirika wa wakulima wa kahawa, ya kuandikia kilo zinazopokelewa kwenye kituo cha kuoshea, kule kisiwani Idjwi, kwenye Ziwa Kivu. Jioni moja ya Novemba wakanipigia simu: bei ya kilo imebadilika, na mtu wao anapanda boti alfajiri. Tarakimu moja tu. Nikaibadilisha, nikaandika npm run build, amri ya kuijenga programu upya, terminali ikajaa maandishi mekundu. Chini kabisa: ERR_OSSL_EVP_UNSUPPORTED.

Nyumbani kwetu Nguba, mtaa wa Bukavu, mvua ilikuwa inapiga mabati, umeme umekatika, betri iko asilimia arobaini. Kwenye simu zilibaki mega za intaneti kama kumi na tano, wakati Node peke yake inazidi ishirini. Na wauza mega wote walishafunga.

Nikaificha kompyuta chini ya koti, nikateremka kwa dada mmoja wa fani yetu, nyumba ya tatu chini ya mteremko. Akasoma kosa kwa mwanga wa tochi ya simu.

“Uliondoa 16?”

“Ndiyo, dada.”

Akanieleza bila kunigombeza. Kuanzia toleo la 17, Node inatumia OpenSSL 3, maktaba ya usimbaji, na hiyo imeiweka kando MD4, kanuni ya zamani ya kukokotoa alama ya data, kwa kuwa ni dhaifu. Webpack 4, chombo cha kufungasha msimbo ambacho programu yangu ilijengwa nacho, bado inaitegemea MD4 kutengenezea alama za mafaili yake. Nikamwambia nimesikia kuna njia ya mkato, --openssl-legacy-provider, ya kuziruhusu tena kanuni za zamani.

“Ipo. Lakini utaifungua leo, mdogo wangu, na kuifunga utasahau. Programu hii ilizaliwa na 16. Ipe 16 yake.”

Akatoa flashi. Ndani alikuwa na folda ya .nvm, yaani ya nvm, chombo cha kuweka matoleo kadhaa ya Node kwenye kompyuta moja, pamoja na Node 14 na 16, vyote amevifunga kwenye tar, faili moja linalobeba mengi. Nikauliza kwa nini asinakili folda yenyewe. Flashi yake imepangwa kwa mfumo wa FAT32, akasema, hauhifadhi viungo, yaani mafaili yanayoelekeza tu kwenye faili jingine. Npm iliyo ndani ya bin ni kiungo tu, ingefika imevunjika. Hicho alikuwa amejifunza kwa kuwagawia vijana wasio na mega.

Tukafungua tar kwenye kompyuta yangu, tukaongeza mistari ya nvm mwishoni mwa .bashrc, faili linalosomwa kila terminali inapofunguliwa, tukafungua terminali mpya. Nikaandika nvm use 16, kisha which node, kuuliza Node inayotumika iko wapi. Kabla ya hapo jibu lilikuwa /usr/bin/node. Sasa njia ilianzia kwenye folda yangu mwenyewe na kupita ndani ya .nvm. Ile 18 ilikuwa palepale, haijaguswa: nvm inatanguliza tu njia yake kwenye PATH, orodha ya folda ambamo kompyuta inatafuta programu, basi. Nilikaa nikiutazama mstari ule, nikikumbuka jinsi nilivyofuta 16 nikidhani kompyuta moja ina nafasi ya Node moja.

Build ikapita. Betri asilimia kumi na moja.

Kabla sijafunga, dada akaniwekea kwenye mzizi wa mradi faili la .nvmrc, linaloiambia nvm toleo la kutumia, ndani yake tarakimu mbili: 16. “Atakayeichukua kazi hii baada yako asije akakimbia kwenye mvua.”

Alfajiri nilikuwa bandarini, nikamkabidhi mtu wa ushirika programu yake. Jumamosi nikanunua mega za kutosha, nikaondoa ile Node ya /usr na kuipakua 18 kwa nvm. Nikaifunga kwenye tar, nikateremka nayo kwa dada. Kwenye flashi yake 18 haikuwepo bado.