Kamera zilifika Rana Plaza siku moja kabla

Rana Plaza, jengo la ghorofa nane lenye viwanda vya nguo huko Savar karibu na Dhaka, lilianguka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu wasiopungua 1,134. Picha za kifusi zilizunguka dunia nzima. Lisilosemwa sana ni kwamba tarehe 23 televisheni ya Bangladesh ilikuwa imeshapiga picha nyufa zake. Watu walitolewa. Kesho yake asubuhi benki na maduka ya chini yalibaki yamefungwa, lakini washonaji waliitwa kazini, baadhi wakitishiwa kunyimwa mshahara wa mwezi.

Habari nyingi zilimtafuta mwenye jengo, na alistahili kutafutwa. Ila kwa nini meneja ang'ang'anie siku moja tu? Jibu liko kwenye oda ya mnunuzi wa nguo, na oda haina picha.

Chukua mfano wa fulana inayohitaji dakika 6 za kushonwa. Laini ya mafundi 30 kwa saa 8 ina dakika 14,400. Ikifanya kazi kwa ufanisi wa nusu, inatoa fulana 1,200 kwa siku, yaani 150 kwa saa. Sasa lebo za shingoni zichelewe siku 2: pengo ni fulana 2,400. Zikiwa zimebaki siku 8 meli iondoke, kila siku inadai fulana 300 za ziada, ambazo ni saa 2 za ovataimu. Hapo ni kama hakuna anayechoka. Jioni mishono hupinda, fulana zinarudi kufumuliwa, na saa 2 zinakuwa 3. Meli ikikosekana, mzigo hupanda ndege, na mara nyingi bili ni ya kiwanda, hata kama lebo zilicheleweshwa na mnunuzi. Mwandishi anayeripoti "ovataimu ya lazima" bila kuuliza lebo zilifika lini ameandika nusu ya habari.

Neno jingine la kuangalia ni "kilikaguliwa". Baadhi ya viwanda vya ndani ya Rana Plaza vilikuwa vimepitiwa na wakaguzi. Ukaguzi wa kijamii hupekua daftari za mishahara, saa za kazi na umri wa wafanyakazi. Nguzo na uzito wa jenereta zilizowekwa ghorofani ni kazi ya mhandisi. Kwa hiyo habari ikisema kiwanda kilipita ukaguzi, uliza ukaguzi wa nini, na nani aliulipia.

Makubaliano yaliyotiwa saini Mei 2013 kati ya kampuni za mavazi na vyama vya wafanyakazi yalipeleka wahandisi wa majengo, umeme na moto, na ripoti zikawekwa hadharani kwa jina la kila kiwanda. Wasomaji wengi hawajawahi kusikia kwamba zipo. Lango la ngazi linalofungwa kwa kufuli wakati wa kazi linatajwa humo kwa mstari mmoja, na habari ya mstari mmoja mhariri haipi ukurasa wa mbele.