Siku moja maishani mwangu: fundi wa mgongo wa chura, Ilala

Saa kumi na moja alfajiri nshaamka, Gongo la Mboto ukichelewa kituoni utasimama kwenye daladala mpaka Buguruni. Saa moja na nusu nipo gereji Ilala, dogo langu kafagia, tumekunywa chai kwa mama ntilie, nikamalizia breki za Corolla iliyolala jana. Hizo ndo zinalipa kodi, sina la kuzisimulia. Mi nataka niwasimulie ya Volkswagen hizi za mgongo wa chura, maana watu wanapita wanamuona mtu kainama nyuma ya gari la zamani ana kibalbu mkononi wanadhani anapoteza muda.

Saa tatu ikaingia mgongo wa chura nyeupe ya 1969, injini 1300, ya kaka mmoja aliyeachiwa na marehemu baba yake. Jumamosi inabeba maharusi. Gari inamisi, yaani moto unarukaruka, mlimani haina nguvu, ukiachia mafuta silensa inalipuka. Hata kifuniko cha nyuma sijafungua kashaniambia "fundi hiyo ni taiming tu, zungusha kidogo niondoke". Taiming ni ule wakati plagi inapotoa moto. Nikamwambia bosi, hii injini inataimiwa ikiwa ya baridi, wewe umetoka nayo Tegeta kwenye foleni imechemka, kaa kivulini tusubiri. Hakupenda. Akaanza kwamba kuna fundi alimwekea kwa sikio dakika tano tu, anazungusha distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi, huku na huku mpaka injini ivume vizuri basi.

Sasa hili la sikio ndo linaloua hizi gari na linaniuma kweli. Injini hii haina maji, inapozwa na upepo wa feni, na ile feni ina kelele. Taiming ikizidi kwenda mbele, yaani plagi inawahi mno kutoa moto, injini inagonga ndani na wewe husikii kitu, tena unafurahia maana ukiikanyaga imechangamka. Inayoumia kwanza ni silinda namba 3, kwa sababu kwenye injini za miaka ile kipozeo cha oili kimekaa ndani ya kava la feni, kinaziba upepo unaoshuka silinda hiyo, kwa hiyo yenyewe inafanya kazi na joto kuliko wenzake. Siku moja valvu ya ekzosi inakatika kichwa, inadondokea juu ya pistoni, injini imekwisha. Halafu mtu anasema Volkswagen ni mbovu. Mbovu wapi wakati 1962 Tommy Fjastad alishinda Safari Rally na gari hilihili, enzi hizo mashindano yanapita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye vumbi na matope?

Saa nne nikafungua kofia ya distributa nikaona waya za plagi zimehamishwa. Mpangilio wa hii injini ni 1-4-3-2, rota, kile kidole cha katikati ya distributa, inazunguka kufuata saa, na silinda namba 1 ikiwa tayari kuchoma rota inatakiwa iangalie kialama kidogo kilichokatwa kwenye ukingo wa distributa. Nikatoa plagi, nikazungusha puli ya mkanda kwa mkono mpaka alama yake ikakaa kwenye maungio ya blok, pale nusu zake mbili zinapokutana, valvu zote mbili za namba 1 zimefunga, rota inaangalia pengine kabisa! Kumbe injini ilishafunguliwa, na aliyeifunga alirudisha kile kishafti kinachozungusha distributa kikiwa kimeruka jino, halafu badala ya kukirudia akahamisha waya ili iwake. Ikawaka. Ila ukitaka kuipeleka kwenye taiming yake ya digrii 7.5 kabla pistoni haijafika juu, haifiki, kile kikopo cha vakyumu kilichobandikwa ubavuni mwa distributa kinagonga njiani.

Nikamweleza mwenye gari kwamba hapa hakuna kuzungusha kidogo, inabidi nitoe pampu ya mafuta na kitako chake, maana kijiti chake kinaendeshwa na kishafti hichohicho, ndo nikichomoe kishafti chenyewe. Akapiga simu kwa mtu, akaweka spika, yule mtu ananifundisha kazi kutoka huko aliko. Nikaendelea kimya.

Kukichomoa natumia mti wa ufagio nilioununua na kuuchonga ncha, unaukandamiza ndani unauzungusha taratibu huku unavuta. Chini yake kuna washa mbili nyembamba, ikikuponyoka moja ikaingia kwenye injini unaishusha injini yote. Kwa hiyo hapo siongei na mtu, simu sipokei, jasho linaniingia machoni na mikono yote ina oili. Nikakirudisha kishafti kinavyotakiwa, ule mkato wake umekingama na maungio ya blok, upande mwembamba unaangalia puli. Distributa ikaingia yenyewe bila kulazimishwa, waya nikazirudisha kwenye matundu yake. Pointi mpya, vile vibati ndani ya distributa vinavyofunga na kufungua umeme wa koili, nikaziachia nafasi ya milimita 0.4 kwa fila geji, kile kibati cha kupimia, na hizo lazima zitangulie, ukizigusa baada ya kutaimu taiming nayo inahama.

Saa saba injini imepoa. Kibalbu upande mmoja kwenye koili, waya wa pointi, upande wa pili kwenye bodi, swichi nimewasha. Unazungusha distributa kufuata saa mpaka taa inazimika, halafu unairudisha polepole kinyume, pale inapowaka tu unasimama, hapo ndo pointi zinafunguka na plagi inatoa moto. Nikakaza nati, nikawasha, ikatulia vizuri kabisa bila kukanyagwa mafuta. Nikasema niende nikaswali nile ndo tukaijaribu.

Narudi nasikia injini inanguruma toka mbali. Jamaa kachukua spana namba 10 kwenye boksi langu, kalegeza, kazungusha distributa, na huku anaipiga resi. "Fundi nimeiongezea kidogo, sikia sasa!" Dogo kasimama pembeni anasema nilimwambia kaka usiguse akanifokea. Sikumjibu. Nilizima gari nikakaa kwenye tairi, miguu imechoka, mgongo unauma, na injini imeshakuwa ya moto tena kwa hiyo kusubiri upya. Haraka yake mwenyewe ndo ikamla mchana wote. Akawa anazunguka gereji anaangalia saa, mara kwenye simu ya bibi harusi, mara ananiuliza si tumwagie maji ipoe. Maji kwenye injini ya moto! Mi nikafanya plagi za watu wengine.

Sijui ilikuwa saa kumi au kumi na moja tukarudia. Safari hii nikampa yeye ashike kibalbu. Nikazungusha, ikazimika, nikarudisha, ikawaka, nikamwonyesha alama ya puli ilipo na pale alipokuwa ameipeleka yeye. Akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Tukaipeleka Tazara, tukapanda flaiova ya Mfugale kwa gia ya tatu toka chini, nikakanyaga mpaka mwisho. Haikumisi, haikukohoa, ikavuta mpaka juu. Kushuka nikaachia mafuta, silensa kimya. Gari ya 1969 hiyo. Yaani uchovu wote hapo unasahau kidogo.

Kurudi gereji ikaja habari ya hela. Tulikubaliana 80,000, akasema pointi si bei rahisi tu hizi, anatoa 50,000. Nikamwambia kaka, pointi ni bei rahisi kweli, kazi ndo siyo, ongeza. Tukafika 70,000. Kabla hajaondoka nikachora mstari kwa msumari kutoka kwenye distributa mpaka kwenye blok, akiigusa mtu ataonekana. Na nikamsisitiza baada ya harusi airudishe, akishatembea kilomita 500 hivi, maana kile kipande cha pointi kinachosugua kemu ya distributa kikiwa kipya kinalika haraka, nafasi inapungua na taiming inarudi nyuma. Airudishe asubuhi, ikiwa ya baridi. Akasema ataileta usiku ilale hapahapa.