Prado ya safu tatu: niichukue au niiache?

Siku ya nne leo naizungukia Prado ya mwaka 2005, petroli, injini ya lita 2.7. Tuna watoto wanne, na Bi Mkubwa, mama yangu, habaki nyumbani. Kigari chetu cha sasa, kila tukienda Makunduchi mmoja hupakatwa, na aliyempakata hushuka miguu imekufa ganzi.

Jana nikenda nayo kwa fundi wangu kule Fuoni. Bodi inang'ara kama sinia la harusi. Hakuitazama hata. Akajilaza chini na tochi, akagonga chesisi, ile fremu ya chuma ya chini, kwa bisibisi, magamba ya kutu yakamdondokea usoni. "Gari hii imelala pwani, sheikh wangu." Muuzaji akadai ni vumbi. Vumbi gani la kubanduka vipande?

Safu ya nyuma niliikalia mwenyewe: magoti yakaja karibu na kidevu, na viti vikifunguliwa mzigo hauna pa kukaa. Vikapu vya Bi Mkubwa pekee hujaza buti! Watoto watatosha lakini.

Nimemwambia muuzaji apunguze kwenye bei gharama ya kuchomelea chesisi, la sivyo nasubiri nyengine. Hajanijibu. Mke wangu keshachagua rangi ya mazulia.