Mbaazi za asubuhi pale pantoni, Pangani

Waliowahi kuvuka mto Pangani kwenda Bweni wanajua habari ya kusubiri pantoni. Unafika gatini asubuhi unaikuta ndo kwanza inaondoka, basi huna pa kwenda isipokuwa hotelini. Nikisema hoteli nasemea hoteli yetu sie, banda la makuti, mabenchi, meza zimetandikwa nailoni ya maua, chakula kimefunikwa kawa.

Mie nilikuwa natokea ng'ambo, Bweni, nilikuwa nakaa kwa babu mzaa mama. Jumamosi namsindikiza kupeleka nazi mjini, tunavuka na pantoni ya kwanza bado giza giza, upepo wa mtoni baridi, wavuvi ndo wanarudi. Siku hiyo babu hali kitu nyumbani, bibi ananuna kweli kweli lakini wapi, babu mbaazi za pale hotelini alikuwa hazibadilishi na kitu chochote.

Yule mama tulimwita Shangazi, mji mzima, hata babu aliyemzidi umri. Akituona tu anachagua nazi tatu, anazivunja, anakaa kwenye mbuzi pale nje anakuna mwenyewe, kazi hiyo alikuwa hamwachii mtu. Mbaazi kaziloweka toka jana yake, zimechemka mpaka zimepasuka, anatia tui jepesi na kitunguu na chumvi, zinatokota pole pole kwenye moto wa vifuu, pilipili moja nzima inaelea juu. Tui zito linakuja mwisho kabisa na hapo ukimsemesha hakujibu, maana anakoroga bila kupumzika mpaka mchuzi ushikane, akiacha kidogo tu tui linakatika. Siku hizi naona watu wanatia nyanya na karoti kwenye mbaazi. Mbaazi za nazi hazitaki nyanya jamani, nyanya inaua ule utamu wa tui.

Halafu maandazi sasa. Yanatoka kwenye karai yana iliki, yamefura, ukilipasua mvuke unakupiga usoni. Babu alikuwa analichana ubavuni, analijaza mbaazi ndani kama mfuko, ananipa mimi kwanza ndo anajitengenezea lake. Chai ya tangawizi anaimimina kwenye kisosi ipoe, ananisogezea, anasema kunywa mwanangu pantoni haina haraka. Nakumbuka vidole vyake vilivyochubuliwa na makumbi ya nazi vinashika kile kisosi taratibu kisimwagike.

Pantoni ikikaribia gati watu wanainuka wote kwa pamoja, mtu anatoka mbio na andazi mkononi hajalipa, Shangazi hata haangalii, atalipa akirudi jioni. Na walikuwa wanalipa.

Kuna Jumamosi moja siisahau, Oktoba 1999, siku mbili baada ya Mwalimu kufariki. Hoteli imejaa kama kawaida ila hakuna anayeongea, pale mahali ambapo kila siku Simba na Yanga wanagombana asubuhi asubuhi. Redio inapiga nyimbo za maombolezo tu. Babu alijaza andazi langu kama siku zote, lake hakuligusa, akaniambia nile na hilo pia, nikala huku namtazama. Nilikuwa mdogo, sikuelewa mtu anaweza kumlilia mtu asiye ndugu yake.

Babu alishatangulia, Shangazi naye. Nilivyosikia linajengwa daraja pale, mita 525, nilifurahi kwa moyo wote, maana mgonjwa wa ng'ambo akizidiwa usiku halafu inabidi usubiri pantoni, ile hali wanaijua walioiona. Lakini nikawaza pia kwamba gari litapita juu moja kwa moja, hakuna tena wa kukaa benchi nusu saa na mtu asiyemjua wakala kutoka sufuria moja, na wanangu nikiwasimulia habari ya kusubiri chombo wataona ni shida tu, hawatajua kwamba kwangu mimi ile nusu saa ndo ilikuwa babu.

Nimempigia mama anielekeze upya kupika. Mara mbili tui limenikatikia, mama anasema moto wangu mkali, na gesi kweli siyo kama vifuu. Leo Ijumaa, mbaazi nimeshaziloweka, kesho najaribu tena.